Mahindi yangu yalirudishwa kwa unyevu wa asilimia 15.6. Tuzungumze viwango kabla hatujapakia

#1 Kihenge84 (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu. Wakubwa wote shikamooni.

Mimi ni mkulima wa Mbozi, mahindi na kahawa kidogo. Nimefungua uzi huu kwa sababu Juni imeingia, mashine za kupukuchulia zimeanza kunguruma, na wiki chache zijazo Fuso zitaanza kupanga foleni kwenye vituo vya kununulia nafaka vya NFRA, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Mwaka jana nilikuwa kwenye foleni hiyo na nilichokutana nacho sitaki kimpate mwingine.

Nilikuwa na gunia 82 za kilo 50. Kabla ya kufunga niliyang'ata mahindi kwa jino kama alivyonifundisha marehemu baba, punje ikapasuka kwa mlio, nikasema yamekauka. Nikakodi gari. Tulifika kituoni alfajiri, zamu yetu ikafika saa tano. Akaja kijana na bambo, kile chuma cha kuchotea sampuli, akalichoma gunia la juu, la kati, la pembeni, anaingiza mdomo wa bambo ukiangalia chini, akifika katikati anaugeuza juu, mahindi yanateremka kwenye bati lake chururu. Akachanganya, akajaza kikombe cha kipima unyevu, akabonyeza. 15.6. Akarudia mbele yangu, 15.7. Mara ya tatu 15.5. Akaniambia kwa heshima kabisa, "Mzee, haya bado. Mwisho ni 13.5. Kayaanike."

Kayaanike wapi? Nyumbani ni mbali, gari linadai kwa siku. Tukaomba kiwanja kwa mama mmoja jirani na barabara, tukakodi maturubai, makuli wakashusha. Mnaijua Julai ya kwetu: ukungu haupandi mpaka saa nne, na saa kumi jua limeshachoka. Siku tatu tunageuza mahindi kwa reki, usiku nalala juu ya magunia matupu. Siku ya nne yakasoma 13.5, makuli wakapakia tena, mizani ikasoma kilo 3,996. Nilitoka nyumbani na kilo 4,100.

Yule kijana simlaumu, alifanya kazi yake mbele ya macho yangu. Kilichoniuma ni kwamba namba ile ningeweza kuijua nikiwa uani kwangu, wiki mbili nyuma, kabla sijakodi hata gari. Kijiji kizima hatukuwa na kipimo hata kimoja.

Karibuni. Mwenye uzoefu na ghala, na mashine, na sumukuvu, ile sumu inayoachwa na kuvu, atupe.

#2 Baridi_ya_Uwemba

Pole sana mkuu. Sisi wa Njombe ni hadithi ile ile, tena zaidi. Huku mahindi yanasimama shambani mpaka Agosti na bado ukiyashika unahisi ubichi. Ukiyaacha zaidi ili yakauke yenyewe, fukusi wanaanza kuyala yakiwa kwenye mabua. Ukivuna mapema huna jua. Kiwango kimoja kwa Uwemba na kwa Isimani kwenye joto lile, mimi naona kinatuonea watu wa baridi.

#3 Jembe_Halisi

Niseme ukweli wangu. Hivi vipimo ni mwanya. Babu yangu aliuza mahindi NMC, shirika la usagishaji la taifa, miaka hiyo na hakuna aliyemchomea magunia. Leo mlanguzi anakuja mpaka mlangoni, ananunua hata yenye unyevu wa 17, analipa hapo hapo. Anayesema ni hifadhi ya chakula ya wananchi ndiye anamrudisha mwananchi. Kama mahindi yangu nakula mimi na wanangu, kwa nini hayafai kwenye ghala?

#4 Mtunza_Ghala

Jembe_Halisi, hoja yako naiheshimu, na mimi nimetunza nafaka Makambako na kwingine kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Naomba nikujibu kwa urefu kidogo.

Wewe nyumbani unaweka gunia ishirini, unakula, Februari zimebaki tano. Hifadhi ya taifa inaweka mahindi ya msimu huu ili yaje kuliwa mwaka unaofuata au wa baada ya huo, wilaya ambayo mvua imekataa. Punje ya mahindi ipo hai, inapumua. Ikiwa na maji mengi inapumua haraka, inatoa joto na mvuke, mvuke unahamia kwa jirani yake, naye anaanza. Nimewahi kupanda juu ya rundo la magunia, nikaingiza mkono katikati na kuutoa haraka kama niliyegusa sufuria. Nje magunia yanapendeza, ndani yameshikana kama mkate, yana harufu ya pombe iliyochacha.

Hiyo 13.5 haikutoka hewani. Kwenye unyevu huo, hewa iliyo kati ya punje na punje inakuwa kavu kiasi kwamba kuvu wa ghalani hawapati maji ya kuotea. Ukipanda mpaka 15 au 16 umewafungulia mlango. Na msidhani dawa itasaidia. Fosfini inaua dumuzi na fukusi, kuvu haiwaui, na sumu waliyokwisha kuiacha haiiondoi.

Sasa ongezeni jambo hili. Zamani tuliweka magunia juu ya chaga, gunia bovu unaweza kulitoa. NFRA imejengewa vihenge vya chuma vya kisasa kwa mkopo wa Poland, Makambako, Mbozi, Sumbawanga, Songea na kwingine, mradi uliolenga kupandisha uwezo wa kuhifadhi kutoka tani 251,000 hadi 501,000. Kwenye kihenge mahindi yanamiminwa. Gunia 82 za ndugu yetu zikiingia na 15.6, hakuna wa kuzitoa tena, zinalala na mahindi ya mwenzake aliyehangaika kuyakausha.

Kuhusu watoto wako kula: mwaka 2016 kuna familia Dodoma na Manyara zilikula mahindi ya nyumbani kwao, waliyoyalima wenyewe, na watu wakafa kwa sumukuvu. Haionekani kwa macho, haina ladha, kupika hakuiondoi. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi, EAS 2, kinaruhusu sumukuvu aina ya aflatoksini isiyozidi sehemu 10 katika sehemu bilioni moja, na ile kali yake, B1, isizidi 5. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi yetu, sababu iliyotajwa ilikuwa hiyo hiyo. Zuio lilidumu siku chache, lakini lilipoondolewa likaacha sharti la cheti cha kupimwa. Mlanguzi anayenunua 17 hana haja na mwaka ujao. Anapeleka mashineni wiki hiyo hiyo.

#5 Mama_Ilula

Kamweneni.

Mimi unyevu haujawahi kunisumbua, huku kwetu chini jua lipo. Mimi nilikwama kwenye punje zilizovunjika, na naona watu wote hapa wanazungumza maji tu.

Mlioanza kufunga, fanyeni hivi. Chota mahindi ya magunia tofauti, changanya, pima gramu 100 kwenye mizani ya dukani. Gramu 100 ni kiasi cha punje 300. Mwaga kwenye sinia jeupe, kaa penye mwanga, chambua kwa vidole. Huku takataka, vipande vya gunzi na mawe. Huku zilizovunjika. Huku zilizotobolewa na wadudu. Huku zilizooza. Kwa sababu ulianza na gramu 100, kila gramu moja unayoipata ni asilimia moja, huhitaji kalkuleta. Daraja la kwanza takataka zisizidi 0.5, zilizovunjika 2, zilizoliwa na wadudu 1. Yaani punje tatu tu zenye matundu kwenye sinia zima, ya nne inakushusha. Daraja la pili takataka 1, zilizovunjika 4, wadudu 3. La tatu ni 1.5, 6 na 5. Unyevu ni 13.5 kwa madaraja yote, hapo hakuna cha la tatu.

Zangu zilizovunjika zilikuwa karibu 7. Nilijiuliza nimekosea wapi mpaka nikasimama kando ya mashine na kutazama. Yule kijana alikuwa ameiongezea mwendo ili amalize kwangu awahi kwa mwingine, na mahindi yangu yalishakauka mno, yanapasuka kama bisi. Jirani yangu yeye anayapiga kwa fimbo ndani ya gunia, ni yale yale. Na punje iliyopasuka ndiyo mlango wa kuvu, ganda ndilo ngozi yake. Sasa namlipa mwenye mashine kwa gunia na siyo kwa saa, na nasimama pale mwenyewe mpaka gunia la mwisho.

#6 Kihenge84

Mama, asante sana. Hiyo ya gramu 100 naipeleka kwenye mkutano wa kijiji Jumamosi.

#7 Mwanafunzi_Uyole

Shikamooni wakubwa. Ninasoma kilimo na nimekuwa nikifuatilia jinsi nchi nyingine zinavyonunua nafaka za hifadhi, naomba nichangie.

Umoja wa Ulaya nao una utaratibu wa serikali kununua nafaka bei inapoporomoka. Bei ya rejea ni euro 101.31 kwa tani. Mahindi unyevu mwisho 13.5, sawasawa na sisi. Ngano na shayiri 14.5. Ngano inapimwa pia uzito wa ujazo, hektolita moja, yaani lita 100, isipungue kilo 73. Kwa hiyo 13.5 hatujaibuni sisi ili kumkomoa mkulima wa Uwemba.

Tofauti niliyoiona ni kwamba wao ubora una ngazi kwenye bei: ngano kavu zaidi huongezewa, yenye kasoro ndani ya mipaka hupunguziwa. India ni hivyo hivyo. Ngano ya unyevu mpaka 12 inalipwa bei kamili, kati ya 12 na 14 inanunuliwa kwa makato, ikizidi 14 inarudi. Na mwaka 2022 joto kali lilipoikausha ngano ikiwa bado changa kule Punjab na Haryana, serikali yao ililegeza kiwango cha punje zilizosinyaa na kuvunjika kutoka 6 hadi 18 kwa msimu ule, bila makato.

Sisemi tulegeze unyevu, Mzee Mtunza_Ghala ameshaeleza kwa nini haulegezeki. Lakini punje iliyosinyaa ni chakula salama. Maji hayana msamaha, kusinyaa kunaweza kuwa nao.

#8 Jembe_Halisi

Dogo umenena. Mtunza_Ghala nimekusoma na ya 2016 imenigusa, nina wajukuu. Nakubali kuhusu sumukuvu. Ila naomba mnijibu hili: kama nimekausha mpaka 12, maji yaliyotoka ni uzito wangu. Nani ananilipa?

#9 Kihenge84

Swali hilo ndilo limenikosesha usingizi tangu mwaka jana. Hesabu ni hii.

Kilo 4,100 zenye unyevu wa 15.6 zina kitu kikavu asilimia 84.4, yaani kilo 3,460. Kwenye 13.5, zile 3,460 ni asilimia 86.5 ya uzito mpya. Gawanya, unapata kilo 4,000. Kilo 100 zimekwenda hewani, nyingine nne nadhani zilimwagika kiwanjani kwa yule mama. Gunia 82 zikawa 80 bila mwizi kugusa.

Hizo mia moja sizililii, yalikuwa maji, na sina haki ya kumuuzia Mtanzania mwenye njaa maji kwa bei ya mahindi. Endelea sasa mpaka 12, kama anavyouliza Jembe_Halisi. 3,460 gawanya kwa 88 mara 100 ni kilo 3,932. Kilo 68 zaidi zimeondoka, na bei kwa kilo ni ile ile ya mwenye 13.5. Mkulima aliyekausha vizuri zaidi, ambaye mahindi yake ndiyo yatakayodumu ghalani kuliko ya wote, analipwa kidogo kuliko sisi. Tuseme kilo ni shilingi 600, amepoteza shilingi 40,800 kwa bidii yake. Ndiyo maana watu wanacheza na mstari, wanakausha mpaka 13.5 na wanakimbia kupakia kabla ya umande.

Ombi langu kwa wanaopanga bei ni hilo. Wekeni ngazi chini ya 13.5, hata ndogo, inayofidia yale maji. Juu ya 13.5 msiguse. Na vipima unyevu viwe kwenye vyama vya msingi, kila kata walau kimoja kilichohakikiwa, mkulima apime kabla ya kufunga gunia.

#10 Mnyaki_wa_Rungwe

Ndaga fijo kwa uzi huu. Kipimo hatuna, lakini bibi shamba wetu alitufundisha chumvi. Chukua chupa ya kioo kavu yenye kifuniko, weka mahindi mpaka theluthi, tia vijiko vitatu vya chumvi iliyokaangwa ikauka kabisa. Tikisa dakika moja, acha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado. Ikiteremka yote chini na kioo kikabaki safi, yamekauka. Ni bure kabisa.

#11 Mtunza_Ghala

Njia nzuri, lakini chumvi inaonyesha kuvuka 15 tu. Ikishika, ujue uko juu ya 15, usipoteze muda. Isiposhika unaweza kuwa 14.5 na bado ukarudishwa. Itumieni kujua siku ya kuanza kutafuta kipima, isiwe ruhusa ya kupakia.

Na mnaonunua vipima vya mkononi: hakikisheni mmechagua mahindi kwenye orodha, siyo ngano wala mpunga. Msipime mahindi yanayotoka juani yakiwa ya moto, yaacheni yapoe kivulini kwanza. Pimeni mara tatu, chukueni wastani. Betri ikichoka namba zinadanganya.

Baridi_ya_Uwemba, kwako: usisubiri shamba likukaushie. Vuna, menya maganda, weka mahindi yakiwa kwenye magunzi yake katika kichanja chembamba chenye paa, ukiinue kutoka ardhini, ubavu wake mrefu uelekee upepo unakotoka. Upepo wa Njombe unakausha hata jua likiwa hafifu. Ukishapukuchua, turubai, tabaka lisizidi upana wa vidole viwili, geuza kila nusu saa, na saa kumi funika. Mahindi yakilala wazi yanarudisha usiku kile ulichokitoa mchana. Jilinde pia na yale magunzi yenye utando mweupe au wa waridi. Hiyo ni kuvu nyingine, sumu yake inaitwa fumonisini, nayo ina kikomo kwenye EAS 2. Yatenge, wala usiwape kuku.

#12 Baridi_ya_Uwemba

Kichanja nilikiacha tangu nianze kutumia mifuko ya PICS. Nilidhani mifuko imemaliza kazi.

#13 Mtunza_Ghala

Mfuko ule unazuia hewa, ndiyo unaua wadudu. Maji hautoi. Ukifunga mahindi mabichi umeyafungia na maji yake. Kausha kwanza.

#14 Mama_Ilula

Na lumbesa jamani, naomba niiseme hapa maana haijaguswa. Huyo mlanguzi anayelipa papo hapo na hana kipima unyevu, gunia lake lina kilemba juu. Debe sita, halafu moja la nyongeza kwenye kile kilemba. Mtu anakwepa kukatwa maji ya kilo tatu kwa mia, anampa mwenzake debe zima bure. Mimi nilifanya hivyo miaka miwili mfululizo kabla sijakaa chini na binti yangu tukapiga hesabu. Kauze kwenye mizani.

#15 Jembe_Halisi

Mama, umenimaliza. Niliuza lumbesa kumi na nne mwaka jana.

#16 Kihenge84

Mrejesho wakuu, samahani kwa kimya, mavuno yalinibana.

Mkutano ulikubali. Kaya 31 tulichanga, tukanunua kipima kimoja na maturubai sita ya zamu. Kipima kinakaa kwa mwenyekiti, kila anayepima anaandika kwenye daftari tarehe, jina na namba tatu. Kuna mzee alipima mara nne kwa siku tisa, ukisoma mstari wake unaona 16.8, 15.1, 14.0, 13.2.

Jana nimepeleka gunia 76. Bambo likaingia, safari hii nilisimama kando nimeshika karatasi yangu yenye 13.1. Kipimo chao kikasoma 13.2. Takataka 0.4. Wadudu chini ya 1. Zilizovunjika 2.3, mama Ilula, hizo sehemu tatu za kumi zimeniondoa daraja la kwanza, nami nilikuwa shambani siku ile mashine inafanya kazi, sikusimama pale. Tulishusha zote kabla ya saa sita na gari likarudi siku hiyo hiyo.

Kipima kitakuwa kwa mwenyekiti mpaka Ijumaa ijayo. Wa kata za jirani mnaoulizia kwenye ujumbe wa faragha, njooni, hakuna malipo. Sampuli muilete kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri, mchote gunia la juu, la kati na la chini. Ile inayokuja imefungwa kwenye kona ya kitenge inakauka njiani na itawadanganya.